Kuchagua Konveya ya Mteremko katika Mashine za Mpunga za Ifakara: Somo la Mgongo na Gunia

Ifakara inajulikana mbali kwa mchele wake na kwa utafiti wa malaria uliofanyika hapo tangu miaka ya 1950. Jambo ambalo halizungumzwi sana ni mgongo wa mtu anayeubeba mchele huo. Mpunga wa Bonde la Kilombero, uwe umetoka Mngeta, Mbingu au ng'ambo ya mto upande wa Ulanga, hubebwa mara nyingi kabla haujafika sahanini. Hupakiwa shambani, hushushwa mashineni, humwagwa uanikwe, hurudishwa guniani, humwagwa tena kwenye mashine ya kukoboa, hufungashwa ukiwa mchele, hupangwa ghalani, kisha hupandishwa kwenye lori la Morogoro au Dar es Salaam. Katika kila hatua yupo mtu anayeinama, anayeinua na anayetembea akiwa na mzigo kichwani au begani.

Wenye mashine na maghala wanaotaka kupunguza ubebaji huo huelekezwa kwanza kwenye konveya ya mteremko, yaani safu ya rola au magurudumu madogo juu ya fremu iliyoinama kidogo, ambayo mzigo huteremka juu yake kwa uzito wake wenyewe. Haina mota wala haitumii umeme, na mafundi wa kuchomelea wanaweza kuitengeneza. Makala haya yanaeleza namna ya kuichagua, lakini yanaanzia kwenye mgongo badala ya kuanzia kwenye chuma. Sababu ni kwamba konveya iliyochaguliwa kwa kuangalia bei na urefu wa jengo tu inaweza kuongeza idadi ya wagonjwa wa mgongo, hata kama ghala zima litaonekana limepata nafuu.

Mzigo unavyofika kwenye pingili

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili, na kati ya pingili na pingili kipo kisahani laini cha gegedu, ambacho wengi hukiita diski. Sehemu ya chini kabisa ya kiuno, pale pingili zinapokutana na nyonga, ndiyo hupokea mzigo mkubwa kuliko zote. Mtu anapoinama kuchukua gunia, mwili wake hufanya kazi kama wenzo. Egemeo ni diski hiyo ya chini, mzigo uko mbele, na misuli ya mgongo inavuta kwa nyuma.

Tatizo ni umbali. Misuli ya mgongo iko takriban sentimita 5 tu nyuma ya egemeo, ilhali gunia lililolala sakafuni huwa sentimita 50 hivi mbele ya mtu aliyeinama. Ili kusawazisha gunia la kilo 50 lililo umbali huo, misuli lazima ivute kwa nguvu inayolingana na kilo 500, na nguvu hiyo yote huibana diski, kabla hata ya kuhesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe. Kwa lugha ya fizikia hizo ni takriban nyutoni 4,900. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, huchukulia nyutoni 3,400 kuwa kiwango ambacho kikipitwa hatari ya kuumia kiuno huanza kuongezeka.

Gunia hilohilo likiwa juu ya meza ya kimo cha nyonga, na mbebaji akalikumbatia karibu na tumbo, umbali hupungua hadi sentimita 25 hivi, na mvuto wa misuli hupungua kwa nusu. Uzito haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali gunia lilipokuwa limewekwa. Mhudumu wa afya anayemwambia mgonjwa "usibebe vitu vizito" amesema kweli, lakini mgonjwa anayelipwa kwa idadi ya magunia hana la kufanya na ushauri huo. Akielezwa kuhusu kimo na umbali, ana pa kuanzia.

Kuhusu uzito wenyewe, Pendekezo Na. 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mzigo unaobebwa kwa mikono na mwanamume mzima mmoja ushushwe usizidi kilo 55, na wa wanawake uwe pungufu zaidi ya hapo. Kanuni ya NIOSH ya mwaka 1991 ni kali zaidi. Inaanzia kilo 23 katika mazingira bora kabisa, kisha inapunguza kiwango hicho kadiri mzigo unavyokuwa chini, mbali au wa mara kwa mara. Nchini Tanzania, Sheria ya Vipimo imepiga marufuku lumbesa na kuweka kikomo cha kilo 100 kwa kifungashio cha mazao. Ikumbukwe kwamba kikomo hicho kilikusudiwa kumlinda mkulima asipunjwe. Hakikuwekwa kwa ajili ya mgongo wa mtu, na gunia la kilo 100 lililo halali kwa mizani bado si halali kwa diski.

Konveya ya mteremko haiinui

Jambo ambalo mnunuzi husahau mara nyingi kuliko yote ni kwamba kani ya mvutano wa dunia huteremsha tu. Konveya inaweza kuuchukua mzigo kutoka hapa hadi pale, ila lazima pale pawe chini kuliko hapa, na lazima awepo mtu au mtambo wa kuufikisha mzigo hapo juu kwanza. Kutembea na gunia kunapungua lakini kuinua kunabaki, pengine kuinua hadi kimo kibaya zaidi kuliko zamani.

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa ifanywe kwa futi ya kupimia kabla ya kuzungumza na fundi. Kwa kawaida mzigo wenye kitako kigumu huhitaji mteremko wa sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita moja ya konveya. Ghala likiwa na konveya ya mita 12 yenye mteremko wa sentimita 4 kwa mita, tofauti ya kimo kati ya ncha mbili ni sentimita 48. Kazi nzito ya mikono hufanyika vizuri kwenye kimo cha kati ya sentimita 70 na 90, yaani karibu na nyonga na chini ya kiwiko. Ncha ya chini ikiwekwa sentimita 75 ili mpokeaji asiiname, ncha ya juu itakuwa sentimita 123, ambacho ni kifua cha watu wengi. Anayepakia atalazimika kuinua kila gunia hadi kifuani. Ncha ya juu ikiwekwa sentimita 85 ili kumwokoa mpakiaji, ya chini itashuka hadi sentimita 37, na mpokeaji atainama siku nzima. Katika chumba cha daktari, hawa wawili huja na maumivu yaleyale.

Njia za kutoka katika mtego huu zipo. Ya kwanza ni kukubali konveya fupi, au kuikata vipande viwili: kipande kimoja kilale sawasawa na mzigo usukumwe kwa mkono, kingine kiteremke. Mzigo wenye kitako kigumu juu ya rola nzuri husukumwa kwa nguvu isiyozidi sehemu ndogo ya uzito wake, hivyo kusukuma si adhabu. Ya pili ni kumjengea mpakiaji kichanja ili asimame juu zaidi, mradi magunia nayo yamfikie juu hapo bila kubebwa kwenye ngazi, kwani vinginevyo adhabu itakuwa imehamishiwa ngazini.

Ya tatu ndiyo bora, nayo ni kuinua nafaka kabla haijawa gunia. Mpunga na mchele ukiwa haujafungashwa hupandishwa kirahisi na lifti ya ndoo, yaani mkanda wima wenye vikombe vidogo unaochota chini na kumwaga juu, kama ilivyo katika viwanda vingi vya kisasa vya kukoboa. Mchele ukimiminika kutoka kwenye tangi lililo juu na gunia likajazwa na kushonwa juu ya jukwaa, gunia hilo limezaliwa likiwa juu. Kuanzia hapo dunia italiteremsha bila kiuno cha mtu kuhusika. Mwenye mashine anayepanga kununua konveya na lifti ya ndoo kwa awamu afadhali aanze na lifti.

Bonde lenyewe linatoa fursa nyingine. Sehemu kubwa ya Kilombero ni tambarare, na mvua za masika hufurisha mto na mabwawa yake. Ghala linalojengwa hapa linafaa kuinuliwa sakafu kwa sababu hiyo peke yake. Sakafu hiyo ikiinuliwa hadi usawa wa tako la lori, yaani mita moja na zaidi kidogo, gunia litaingia garini kwa kusukumwa juu ya rola zilizolala sawasawa bila kupandishwa na yeyote. Gharama ya zege iliyolipwa kwa kuogopa maji huwa imelipia pia migongo.

Gunia si katoni

Vitabu vya wauzaji wa konveya huandikwa kwa kuwaza katoni. Kanuni yao maarufu ni kwamba wakati wote mzigo uwe umelalia angalau rola tatu, yaani nafasi kutoka katikati ya rola moja hadi nyingine isizidi theluthi ya urefu wa mzigo mfupi kuliko yote. Kwa kreti ya soda kanuni hiyo inatosha. Kwa gunia la mchele haitoshi.

Gunia la plastiki iliyofumwa ni laini. Likilala juu ya rola zilizoachana, tumbo lake huzama katikati ya rola na rola, kila rola huwa kilima kidogo cha kupandwa, na gunia husimama. Hapo ndipo mteremko huongezwa kwa kuweka tofali chini ya mguu wa fremu, na gunia linalofuata, lililojazwa vizuri zaidi, hukimbia na kumgonga mtu wa chini. Kwa magunia, rola ziwe zimekaribiana sana, gunia moja likilalia rola sita au zaidi, na nafasi kati ya rola isipitishe vidole. Konveya ya magurudumu madogo, ambayo ni nyepesi na ya bei nafuu, iachwe kwa ajili ya katoni na kreti.

Njia nyingine ni kuweka gunia juu ya ubao wa plaiwudi wenye kingo laini. Ubao hulipa gunia kitako kigumu, na mteremko mdogo hutosha. Tatizo ni kwamba ubao lazima urudi juu. Ghala linalochagua njia hii lipange safari ya kurudi tangu mwanzo, maana mbao zikirundikana chini kazi husimama, na mbeba mizigo ataziacha na kurudia bega lake.

Lumbesa haisafiri juu ya rola hata kidogo. Kichwa chake kilichoshonwa kwa kamba hunasa kwenye ukingo, nalo huyumba na kuanguka kwa upande ulio mzito. Kwa hiyo anayechagua konveya amechagua pia ukubwa wa gunia. Mchele uende kwenye mifuko ya kilo 50, na pale mnunuzi anapokubali, ya kilo 25. Mlaji wa Dar es Salaam hununua kilo tano au kumi. Hajali mchele wake ulisafiri katika gunia la ukubwa gani.

Mahali ambapo mzigo unashuka sana kwa umbali mfupi, kama kutoka kwenye lori hadi sakafuni, rola ni za hatari na kinachofaa ni mfereji wa kutelezea, wa bati nene au mbao zilizolainishwa. Kipimo chake hupatikana kwa jaribio. Gunia halisi la ghala hilo lilazwe juu ya ubao au bati litakalotumika, ncha moja iinuliwe polepole, na pembe ambayo gunia linaanza kuteleza iwekewe alama. Jaribio lirudiwe kwa gunia lenye unyevu na gunia lenye vumbi, kwa kuwa yote mawili yatapita hapo. Gunia likishaanza kuteleza, msuguano hupungua na mwendo huongezeka, kwa hiyo mita ya mwisho ya mfereji lazima ilale. Gunia linaloshuka kutoka tako la lori la mita 1.3 bila msuguano wowote lingefika chini kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, sawa na baiskeli inayokimbizwa. Msuguano hupunguza mwendo huo, ila hakuna anayepaswa kulidaka kwa mikono hata hivyo.

Uimara wa fremu nao una hesabu yake. Konveya ya mita 12 ikijaa magunia ya kilo 50, kila moja likichukua sentimita 80, yatakuwa magunia 15, yaani kilo 750. Fremu, miguu na zege chini ya miguu vihesabiwe kwa uzito huo pamoja na kishindo cha gunia linalotupwa, kwa sababu litatupwa. Beringi ziwe zimefungwa zisiingize vumbi. Pumba za mpunga zina silika nyingi na vumbi lake husaga chuma kama msasa, na rola iliyokwama huwa jino linalochana gunia. Mwishoni pawe na kizuizi imara, na kabla yake kizuizi cha pili kinachoachia gunia moja moja, ili mpokeaji asivute gunia huku mengine kumi na manne yakimsukumia vidole.

Anayebaki ghalani

Sehemu hii haimo katika vitabu vya wauzaji, nayo ndiyo inayowaleta wagonjwa.

Mfano ni ghala linalohamisha magunia 400 ya kilo 50 kwa siku, jumla tani 20. Bila konveya, wabeba mizigo wanane hubeba magunia 50 kila mmoja, yaani tani mbili na nusu kwa mtu. Hiyo ni kazi nzito, lakini ina pumziko ndani yake ambalo halionekani: kila baada ya gunia moja, mtu hurudi mikono mitupu. Hatua zile za kurudi ndizo zinazolegeza misuli na kuiacha diski ijae maji tena.

Konveya inapofungwa, mwenye ghala huona kutembea kumekwisha na hubakiza watu wanne, wawili wa kupakia na wawili wa kupokea. Kila mmoja sasa anainua magunia 200, yaani tani 10, bila safari ya kurudi, kwa mwendo unaoamuliwa na chuma. Mzigo wa kila mgongo umekuwa mara nne. Wanne wengine wamekosa kibarua. Malipo yakiwa kwa idadi ya magunia, wanne waliobaki watafurahia mwezi wa kwanza, kwa kuwa mfuko umejaa, na ni vigumu kumshawishi kijana wa miaka ishirini na tano kwamba furaha hiyo ina deni.

Kwa hiyo idadi ya watu ni sehemu ya kuchagua konveya, sawa na kipenyo cha rola. Zamu ya kupakia na kupokea isizidi nusu saa hadi saa moja kabla ya kubadilishana na kazi ya kushona, kufagia au kuhesabu. Gunia la kilo 50 linalopaswa kuinuliwa lishikwe na watu wawili. Malipo yakihesabiwa kwa kundi badala ya mtu, hakuna anayepata hasara kwa kumpisha mwenzake. Mwenye ghala asiyeweza kukubali mambo haya afadhali asinunue konveya, abaki na wabeba mizigo wake wanane na mifuko midogo. Hilo si jibu linalopendwa na wauzaji, lakini kitabibu ndilo sahihi.

Kidatu, kaskazini mwa bonde, reli ya TAZARA yenye upana wa milimita 1,067 inakutana na tawi la Reli ya Kati lenye upana wa milimita 1,000. Mabehewa ya upande mmoja hayapiti upande wa pili, hivyo mzigo hauna budi kuhamishwa. Ghala la kawaida lina Kidatu zake ndogo: pale gunia linapoingia kwenye konveya, na pale linapotoka. Anayekagua ghala asipoteze muda katikati ya konveya, ambako chuma kinajifanyia kazi. Asimame kwenye ncha mbili kwa robo saa, ahesabu mara ambazo mtu anainama chini ya magoti, anainua juu ya mabega, au anapinda kiuno huku miguu imesimama.

Ghala la dawa

Wahudumu wa afya nao wana maghala. Katoni yenye chupa 24 za dripu za mililita 500 ina lita 12 za maji, zaidi ya kilo 12, na siku mzigo unapofika kutoka Bohari ya Dawa, wauguzi na watunza stoo hupanga makumi ya katoni kama hizo. Hapa konveya ya magurudumu madogo inafaa sana, kwa kuwa katoni ni nyepesi na zina kitako kigumu, mradi hazijalowa. Vipande vya mita mbili au tatu vinavyokunjwa na kuwekwa kando vinatosha kituo cha afya.

Yapo pia makabati ya mteremko, ambayo katoni huingizwa nyuma na kutolewa mbele. Faida yake ni kwamba kilichoingia kwanza hutoka kwanza. Tahadhari ni kwamba kanuni ya dawa ni nyingine: kinachokaribia kuisha muda ndicho kitoke kwanza. Dawa iliyofika mwezi huu inaweza kuwa na tarehe ya mwisho iliyo karibu kuliko iliyofika mwaka jana, na kabati la mteremko litaificha nyuma bila kosa la mtu yeyote. Kila njia ya kabati ipewe tarehe moja tu ya kuisha muda, tarehe hiyo ibandikwe mbele, na dawa zinazofika kwa kiasi kidogo zibaki kwenye rafu za kawaida.

Mgonjwa anapofika

Mtu mwenye maumivu ya kiuno akifika kituoni, kazi yake mara nyingi huandikwa "mkulima" au "biashara", na maelezo huishia hapo. Maswali manne huongeza mengi: anabeba nini na cha kilo ngapi, mara ngapi kwa siku, kutoka kimo gani hadi kimo gani, na analipwa kwa siku au kwa gunia. Majibu hayo yakiandikwa kwenye faili, daktari wa pili hataanza upya.

Si kila mgongo unaouma umeumizwa na gunia. Homa ya jioni, kupungua uzito, maumivu ya usiku yasiyotulia, au kinundu kwenye uti wa mgongo humtaka mhudumu afikirie kifua kikuu cha pingili, na kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi au kuchunga mifugo, bruselosi. Mgonjwa mwenyewe ajue dalili ambazo hazisubiri kesho: ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, kushindwa kukojoa au kujikojolea, na mguu unaozidi kulegea. Hizo ni za kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, iwe usiku au mchana, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyobanwa hivyo isipofunguliwa mapema huenda isirudi kamwe.

Maumivu ya kawaida ya kiuno, hata yanayoshuka mguuni, kwa wengi hupungua katika wiki chache. Kulala kitandani kwa muda mrefu huyachelewesha kupona. Kutembea na kufanya shughuli ndogo husaidia. Vidonge na sindano za diklofenaki za mfululizo, ambazo wengi hujinunulia dukani, huchoma tumbo na kuchosha figo, nazo humrudisha mtu chini ya gunia kabla mwili haujawa tayari.

Barua ya kurudi kazini ndiyo inayounganisha chumba cha daktari na konveya. Barua inayosema "apewe kazi nyepesi" haina maana ghalani, kwa kuwa kila msimamizi ana uzito wake wa wepesi. Iandikwe wazi: kwa wiki sita asiinue zaidi ya kilo 15, asichukue kitu chini ya magoti, awekwe kwenye kushona mifuko au kusukuma magunia juu ya rola. Ghala lenye konveya iliyopimwa vizuri lina nafasi ya kumpa mtu huyo. Lisilo nayo litamwambia arudi akipona kabisa, naye atarudi kesho akidai amepona.

Mwajiri anawajibika chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, na anatakiwa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mchango ambao haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Mtu aliyeumia atoe taarifa kwa mwajiri mapema, ikiwezekana siku ileile, na ahakikishe kwamba cheti chake cha kliniki kinataja tarehe, mahali na namna alivyoumia. Kwa kibarua asiye na mkataba wa maandishi, karatasi hiyo huenda ikawa ushahidi pekee kwamba siku hiyo alikuwa ghalani.